Pesa ya umma kwenye betri haipotei

Ndugu yangu, wasema serikali isitie hela kwenye utafiti wa betri, wafanyabiashara watafanya wenyewe. Sikubali. Betri ya lithiamu iliyo kwenye simu yako, John Goodenough na wenzake walipata sehemu yake kuu Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1980. Sony ilianza kuiuza 1991. Mfanyabiashara gani angengoja hivyo? Aina yake nyingine, ya chuma na fosfati, inayofungwa sana kwenye sola siku hizi, ilitoka Chuo Kikuu cha Texas miaka ya 1990, nacho ni chuo cha umma.

Huku Lamu tofauti ya betri hizi na zile za zamani twaiona kwa macho. Betri ya madini ya risasi, kama ile ya gari, ukiizoesha chaji kushuka chini ya nusu haidumu, na vichwa vyake vyala kutu kwa hewa hii ya chumvi. Betri ikiisha na friza ikazima usiku, mvuvi wa Kizingitini huuza samaki kwa bei ya kutupa.

Mahakama ya mazingira ilipofuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa hapa Lamu 2019, wengi tulishangilia. Basi tukitegemea jua badala yake, umeme wake tutauweka wapi wa kutumia usiku? Kenya itenge fungu, vyuo vya Pwani vijaribu betri za kustahimili chumvi na joto letu.