Wakija kuchukua maoni ya sheria ya ubaguzi, usende mikono mitupu

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naulizwa sana na wenzangu, hasa sisi wenye ulemavu, kwamba hivi vikao vya kuchukua maoni ya sheria vina faida gani, mana watu wanaitwa, wanakaa ukumbini tangu asubuhi, wanasema mpaka sauti zinakauka, afu sheria inatoka vilevile. Jawabu langu ni kuwa faida ipo, ila inategemea wewe umekwenda na nini. Mie natembelea magongo tangu utotoni, nimezaliwa Wete na nimekulia hapohapo, na vikao hivi nimeshavikaa vya kila namna, vya wizara, vya jumuiya zetu, vya watu wa haki za binadamu, na kitu kimoja nakiona kila mara: anaeandikwa ni yule aliekuja na tukio. Aliekuja na malalamiko ya jumla anapigiwa makofi, basi.

Mtu anasimama anasema "sisi walemavu tunadharauliwa, tunaiomba serikali ituangalie". Kweli tupu, ukumbi mzima unaitikia, lakini karani hana cha kuandika. Mwanasheria aliekaa pale mbele na mswada mkononi anatafuta kitu cha kuongeza au kupunguza kwenye kifungu, sasa "tuangaliwe" ataiweka wapi?

Mie nilikuwa na tukio langu. Niliitwa usaili wa kazi ya ukarani Unguja Mjini, kampuni ya mtu binafsi, jina siliweki. Nikapanda boti Mkoani na dada yangu, tukafika, afisi iko juu ghorofani na lifti hakuna, nikapanda ngazi pole pole mpaka nikafika. Kuingia ndani yule bwana wa usaili hakunisemesha mie, kamgeukia dada yangu kamuuliza, "Huyu ataziweza hizi ngazi kila siku?" Mie niko mbele yake, vyeti vyangu viko juu ya meza yake, kaulizwa dada. Wakasema watapiga simu na simu haikupigwa. Tukiwa kwenye boti ya kurudi ami yangu kapiga kutaka kujua ilivyokuwa, na ami alikuwa karani wa mahakama mpaka anastaafu, kanambia, "Mwanangu, kabla hujashuka Mkoani andika. Nani kasema, kasema vipi, nani alikuwepo, saa ngapi. Usiandike kama umeumia, andika alichokisema." Nikaandika nyuma ya ile barua ya kuitwa usaili, na dada kaweka saini yake chini kuwa alikuwepo na kasikia.

Karatasi ile ndo niliyokuja kuisoma kwenye kikao. Nilipomaliza mwanasheria mmoja, mtoto wa kike mdogo tu kwa umri, kaniuliza, "Dada, walikupa barua ya kukukataa yenye sababu?" Nikasema hapana. "Sasa ungeshitaki ungethibitisha vipi kwamba ni ulemavu na si alama za usaili?" Hapo ndo mazungumzo ya kweli yakaanza, mana mwengine kasema na yeye hajapata barua, mwengine vilevile, kumbe ukumbi mzima hakuna alowahi kupewa sababu kwa maandishi hata mara moja. Likaandikwa pendekezo kwamba mtu akifika usaili akakataliwa na akaomba sababu, mwajiri lazma ampe kwa maandishi ndani ya muda utaotajwa, na dalili za ubaguzi zikionekana basi mwajiri ndo aeleze, isiwe mlalamikaji anatafuta ushahidi uliofungiwa kwenye kabati la mwajiri. Hilo ni pendekezo lenye mkono na mguu. Lilitoka kwenye swali moja la ngazi.

Kwaiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa, njoo na tukio moja, lisimulie kwa dakika mbili, afu uliza: mswada huu ungepita jana, kifungu gani kingenisaidia mie siku ile? Wakikuonesha kifungu, uliza ningekwenda wapi, ningejibiwa baada ya siku ngapi, na yule bwana angefanywa nini. Wasipokuwa na jawabu, pengo limeshaonekana na hata wao wanaliona.

Pia usende ukasema "tunataka sheria ya kukataza ubaguzi", utajibiwa ipo na watakuwa wamesema kweli. Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 12, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria na inakataza ubaguzi. Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 inakataza ubaguzi kazini. Sisi wenye ulemavu tulikuwa na sheria yetu namba 9 ya 2006, baadae ikaja mpya namba 8 ya 2022. Na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mkataba ule unasema wazi kuwa kumnyima mtu mwenye ulemavu marekebisho yanayowezekana ili afanye kazi au asome kama wenzake, huo nao ni ubaguzi. Tukirudi kwenye zile ngazi, kunishushia meza yangu chini isingekuwa hisani, ingekuwa haki yangu. Yajue haya kabla hujaingia, si kwa kujionesha msomi, ni ili usirudishwe nyuma kwa jambo ambalo limeshaandikwa, ukapoteza zamu yako ya kusema.

Kuna wanaosema sheria haibadilishwi na maneno ya watu wa kawaida. Mie nawakumbusha ile sheria ya mwaka 1985 iliyokuwa inahusu wari, wajane na wanawake walioachwa, wakubwa wetu wanaikumbuka. Mwanamke asie na mume akipata mimba alikuwa anaweza kufungwa mpaka miaka 2. Ukiisoma kijuu juu ungesema ni sheria ya maadili, lakini tizama inamkamata nani, tumbo linaonekana kwa mwanamke, mwanamme akikana kakana, anakwenda zake barazani kucheza bao. Wanawake na wanasheria walilisemea hilo kwa miaka, mpaka 2005 ikaja Sheria namba 4, ya kuwalinda wari na mtoto wa mzazi mmoja, ile ya zamani ikafutwa na kifungo kikaondoka, ikaja kazi ya kutumikia jamii. Kwangu mie hata hiyo haikutosha, mana bado anaebeba ni yuleyule wa kike, ila kutoka jela hadi hapo si kidogo, na haikuja yenyewe.

Mfano huu nauleta kwa sababu nyengine pia. Ubaguzi mwingi hauandikwi kwa jina lake. Sharti linaandikwa la wote, halafu likishuka chini linawaangukia wale wale. "Mwombaji awe na leseni ya udereva" kwa kazi ya kukaa mezani, asieona ameshatolewa hapo bila ya mtu kumtaja. Kwaiyo ukiupata mswada nenda moja kwa moja kwenye tafsiri ya maneno pale mwanzoni, uangalie ubaguzi umeelezwa vipi, na kama sharti la namna hii halimo lisemee hilo kwa nguvu zako zote. Afu tafuta zile "kwa kadri hali ya uwezo itakavyoruhusu". Hizi mie naziogopa kuliko adhabu ndogo. Njia ya mteremko ya skuli itajengwa kwa kadri ya uwezo, mkalimani wa lugha ya alama hospitali atawekwa kwa kadri ya uwezo, na uwezo hauji mpaka mtoto amalize skuli akiwa amebebwa mgongoni na wenzake. Omba muda utajwe. Omba itajwe ni nani anaetakiwa kufanya. Na uliza kanuni zitatungwa lini, mana mambo mengi ya utekelezaji yanaachwa kwenye kanuni na watu wakishapiga makofi ya sheria kupita hakuna tena anaeulizia.

Na mswada uutake mapema na kwa Kiswahili. Kupewa asubuhi ya kikao ukaambiwa toa maoni, hiyo si haki, na lisemwe palepale na liandikwe kuwa ni maoni pia. Vilevile ukumbi ukiwa ghorofani, au mkalimani wa viziwi hayupo, msinyamaze kwa adabu. Nilishakaa kikao kijana kiziwi anatafsiriwa na mamake, na mama wa watu kila akiguswa na jambo analia, anasahau kutafsiri, kijana anabaki kumtizama usoni. Hadi leo sijui yule kijana alitaka kusema nini.

Sasa nije kwenye muhali, yaani kuoneana haya kwa sababu ya udugu na ujirani, na hapa ndo pagumu kwetu. Visiwa hivi sote tunajuana. Aliekubagua ni mtoto wa jirani, ama kaoa kwenu, ama ndo aliemsaidia babako siku ya msiba. Ukitaka kusema unaambiwa yamalizwe nyumbani, na watu wazima wanakuja jioni na heshima zao, "mwanangu, msamehe, na yeye ana watoto". Mie siwalaumu, wanalinda udugu. Lakini nimeona mambo yalivyomalizwa nyumbani: mwenye ulemavu ndo anaesamehe kila siku, na mwenye afisi anabaki na mtindo wake. Kwa hili nashauri hivi. Kwenye kikao cha maoni hulazimiki kumtaja mtu. Sema "kampuni moja", "afisi moja", "mwalimu mmoja". Sheria haihitaji jina lake, inahitaji kujua alichofanya kilipitia mlango gani. Muhali unabaki salama na tukio linaandikwa. Mie ndivyo nilivyofanya na mpaka leo yule bwana nikikutana nae namsalimia.

Kumshitaki mtu ni jambo jengine, na watu wanachanganya. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilianza 2001 na inafanya kazi Bara na huku kwetu, na inaweza kufanya yote mawili, kupokea lalamiko lako na pia kutoa mapendekezo juu ya sheria iliyopo au inayotaka kuja. Kulalamika kwao hulipi. Ila si mahakama, haitoi hukumu, inachunguza, inapatanisha na inapendekeza, na shauri ambalo tayari liko mahakamani hawalichunguzi, kwaiyo fikiria kwanza uanzie wapi. Hujui uanzie wapi, nenda kwa msaidizi wa sheria wa shehia yako, ama Kituo cha Huduma za Sheria, ama Umoja wa Watu Wenye Ulemavu. Nenda na ile karatasi uliyoandika siku ileile, na nenda na alieshuhudia kama yuko tayari.

La mwisho, na wengi hawalifanyi. Ukishasema kwenye kikao, kabla ya kuondoka nenda kwa karani muombe akusomee alichokuandikia. Mie nilikuta tukio langu limeandikwa "mshiriki alilalamikia ukosefu wa lifti". Nikamwambia hapana mwanangu, sikulalamikia lifti, nimesema nilikataliwa kazi kwa sababu ya ulemavu na sikupewa sababu kwa maandishi. Kafuta kaandika upya mbele yangu. Na kama kikao kilikuwa kirefu hukupata zamu, andika maoni yako kwa mkono, karatasi moja inatosha, weka jina na namba ya simu, piga picha ubaki na nakala yako, wape wakupigie muhuri wa kupokea. Baadae mswada ukishasomwa mara ya kwanza Baraza la Wawakilishi unakwenda kwenye kamati, na hapo napo maoni yanapokelewa, kwaiyo ile nakala usiitupe, utaihitaji tena, na mwakilishi wa jimbo lako mpelekee nakala yake mkononi.