Usiwaambie wanafunzi wa uzamili walete kesi za kazini darasani

Usilifanye jambo hilo. Umeandika kwamba muhula ujao utaanza kufundisha wanafunzi wa shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii hapa Unguja, kwamba wengi wao ni maafisa walio kazini, na kwamba unakusudia kila wiki mmoja wao alete kesi anayoishughulikia ofisini, abadilishe jina na umri wa mhudumiwa, kisha darasa zima liijadili. Umeuliza pia kuhusu wingi wa maandiko ya kusomwa, mgawanyo wa alama na lugha ya kufundishia. Hayo mengine yanaweza kurekebishwa hata katikati ya muhula. Hilo la kesi likishaharibika halirekebishiki, na wanaoumia si wewe wala wanafunzi wako.

Mpango wa namna hiyo niliuendesha katika darasa langu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa katika warsha ya wahadhiri wapya. Mwezeshaji, aliyekuja na kijitabu chake kutoka nje, alituhakikishia kwamba mhudumiwa akishabadilishwa jina, umri na kijiji, usiri wake umehifadhika na mwalimu hana tena la kuhofia. Nilimuuliza waziwazi iwapo hilo linatosha katika visiwa vidogo, akajibu kwamba kanuni za taaluma ni zilezile popote duniani. Mkuu wangu wa wakati huo, mzaliwa wa hapa, anayejua vizuri namna habari zinavyosafiri kati ya Darajani na Mkokotoni kabla ya magharibi, alikuwa amekaa kiti cha mbele na hakusema neno. Yule mgeni naweza kumsamehe, kwa kuwa hakutujua. Huyu wa pili mpaka leo nina hasira naye, kwani ukimya wake ndio uliotufanya tuliokuwa wapya tuamini kwamba shaka yetu ilikuwa ya kitoto.

Katika semina mojawapo mwanafunzi aliwasilisha habari za familia iliyokuwa ikihudumiwa na ofisi yake. Sitaeleza zilihusu nini, wilaya gani wala mwaka gani, kwa kuwa nikieleza nitakuwa nawatendea watu wale jambo lilelile mbele ya macho mengi zaidi. Itoshe kujua kwamba alifuata kila agizo la kijitabu, jina akalibadilisha, umri akaubadilisha, kijiji hakukitaja, na kabla hajamaliza mwenzake mmoja alikuwa ameshamtambua mama anayezungumzwa. Mwenzake huyo hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa na udugu na familia ile, akashikwa na uchungu, na usiku ule akampigia simu dada yake kuuliza kama watoto wako salama. Dada naye akauliza kwingine, na baada ya hapo wazee wa ukoo wakakutana. Yule mama, ambaye ilikuwa kazi ngumu na ndefu kumfanya afungue mdomo mbele ya afisa, akaulizwa kwa nini ametoa siri za nyumba hadi zikafika chuo kikuu. Akaacha kuja ofisini. Alipofuatwa nyumbani akasema kwamba hana shida yoyote, na jambo zima likamalizwa kwa muhali, yaani kwa kuoneana haya, kama yanavyomalizwa mengi visiwani kwetu ambayo hayakupaswa kumalizwa hivyo. Haja iliyomleta yule mama ofisini haikuondoka kwa sababu sisi tulifanya semina nzuri.

Hasara haikuishia kwa familia moja. Afisa yule, ambaye kwa maoni yangu alikuwa miongoni mwa wachapakazi bora waliopita mbele yangu, alirudi katika eneo lake akakuta milango inamjibu “sisi hatujambo” kabla hajakaa. Kazi yake yote ilisimama juu ya imani kwamba anayoambiwa hayatoki, na imani hiyo tuliimaliza sisi katika chumba chenye kiyoyozi, kwa saa mbili, tukidhani tunamfundisha.

Sasa fanya hesabu ambayo kijitabu kile hakikuifanya. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Zanzibar kuwa na watu 1,889,773, na shehia zetu, yaani maeneo ya utawala ya ngazi ya chini kabisa, ni 388. Ukigawa, utapata shehia ya wastani yenye watu wasiofika 5,000, watoto wachanga wakiwemo. Chukua mfano huu nilioutunga: mama mwenye watoto wanne, mume yuko Maskati, jioni anauza urojo karibu na skuli, na mkwewe ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwite Asha au Zuhura, mpe miaka 30 au 40, ukitaka usitaje hata kama ni Unguja au Pemba. Mtu wa shehia ile akisikia mawili tu kati ya hayo ataweza kukuonesha mlango wa nyumba. Na mambo yale yanayomtambulisha, yaani riziki yake, ndoa yake, safari ya mumewe na nafasi ya mkwewe katika mtaa, ndiyo hasa ambayo mwanafunzi wa ustawi wa jamii anahitaji kuyajua ili aweze kumsaidia. Ukiyafuta, hakuna kesi iliyobaki ya kujadili; ukiyaacha, umemtaja. Katika jiji la watu milioni kadhaa kubadilisha jina huenda kukatosha. Hapa hakutoshi, na anayesema kunatosha hajawahi kuishi katika shehia.

Tazama pia ni nani watakaokaa mbele yako. Darasa la uzamili si la vijana waliotoka skuli jana. Utakuwa na muuguzi wa hospitali ya Mnazi Mmoja, askari wa dawati la jinsia, mwalimu kutoka Mkoani, afisa wa wilaya na mtu wa taasisi isiyo ya kiserikali. Kesi ya udhalilishaji wa kijinsia iliyopitia Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako aliyedhalilishwa hupata daktari, polisi na ushauri mahali pamoja, huduma iliyoanza Mnazi Mmoja mwaka 2011, inaweza ikawa imepita mikononi mwa watatu kati yao, na wa nne akawa binamu wa mtuhumiwa. Hawa wote ni watu wema, na wote wana simu. Darasa litakuwa na kundi la WhatsApp kabla ya wiki ya kwanza kwisha, na wasilisho alilolituma mmoja ili mwenzake aliyekosa boti ya asubuhi naye alisome, huna uwezo wa kulirudisha.

Wapo watakaokuambia kwamba taaluma haifundishiki bila kesi za kweli. Wakumbushe kwamba Christopher Columbus Langdell, alipoanza mwaka 1870 kufundisha sheria kwa njia ya kesi katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitumia hukumu za mahakama zilizokwisha kuchapishwa, ambazo mtu yeyote angeweza kuzisoma. Hakumwambia mwanafunzi alete siri za mteja wa juzi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami siilegezi kwa mtu yeyote, awe mgeni, mkuu wa idara au mwanafunzi anayelalamika kwamba masomo hayana uhai: kesi ambayo mhudumiwa wake yupo na anaweza kutambuliwa haiingii darasani, hata kama jalada lake limefungwa. Kinachoingia ni kesi ya kutunga, iliyotungwa kwa bidii. Huchukui mtu ukamvisha jina jipya, unachukua ugumu. Ugumu wenyewe ni kama huu: mama anataka msaada lakini hataki mumewe ashitakiwe, na bibi ndiye mwenye nyumba. Kisha unautafutia watu wapya kabisa, riziki nyingine, ukoo wa namna nyingine, na unachanganya humo mambo uliyoyaona katika kazi ya miaka mingi, pasiwe na nyumba hata moja iliyo chanzo chake. Ukimaliza, mpe aisome mtu mmoja aliyefanya kazi Unguja na mwingine aliyefanya kazi Pemba. Mmoja wao akisema “huyu kama namjua”, itupe, hata kama unajua kwa hakika kwamba hukumkusudia yeyote, kwa maana atakayehisi ametajwa ataumia sawasawa na aliyetajwa kweli. Kazi hii ni ya likizo nzima, si ya usiku wa kuamkia kipindi, na ndiyo maana nakuandikia sasa.

Yapo pia mambo ya hadhara ambayo hayamfichui mtu na yanafundisha kuliko unavyodhani. Kuzama kwa MV Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011 na MV Skagit tarehe 18 Julai 2012 ni misiba ambayo kila mwanafunzi wako anaikumbuka. Waulize namna ya kupanga huduma kwa wafiwa wengi kwa wakati mmoja, nani aende nyumba ipi, na nani abaki baada ya arubaini wageni wanapoondoka. Pencheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa kila mzee aliyefikia miaka 70, ikiwa wakati huo ni shilingi 20,000 kwa mwezi, inatosha kwa mjadala wa vipindi viwili kuhusu kumpa kila mzee au kumchagua masikini pekee. Waweke pamoja Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya mwaka 2011 na ile ya Bara ya mwaka 2009, wazisome kifungu kwa kifungu, kwa sababu wengi huja na vitabu vya Bara wakidhani sheria yake inafanya kazi hapa. Hakuna nyumba ya mtu inayoguswa katika lolote kati ya hayo.

Kesi hai zina mahali pake, nao ni usimamizi wa kazini: mwanafunzi mmoja, msimamizi mmoja aliye na haki ya kulifungua jalada lile, chumba chenye mlango, na maandishi yasiyotoka ofisini. Huko ndiko ufundi wa kazi hii unakojengwa. Baraza linaloidhinisha mafunzo ya ustawi wa jamii Marekani hudai saa zisizopungua 900 za mafunzo kwa vitendo katika shahada ya uzamili, na sababu ni hiyo hiyo, kwamba kukaa na mtu mwenye shida hakufundishwi kwa kumsimulia mtu huyo mbele ya watu wengine. Nguvu uliyotaka kuitumia kuendesha semina za kesi itumie kuwatafutia wanafunzi wako wasimamizi wazuri, na uwatembelee huko huko waliko, Pemba ikiwemo.

Angalia tasnifu vilevile. Mwanafunzi aliyehojiana na wanawake sita katika shehia moja, kisha akaitaja shehia hiyo katika ukurasa wa kichwa, amewaweka wanawake sita katika rafu ya maktaba. Taja mkoa, basi.

Kuhusu lugha, mihadhara ifuate agizo la chuo chako, lakini igizo dhima, yaani mwanafunzi mmoja kuigiza afisa na mwenzake mhudumiwa, lazima liwe kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuna mama wa Micheweni atakayemlilia afisa kwa Kiingereza. Alama utazigawa kwa kadiri ya mtaala.

Ikiwa maelezo ya kozi yamekwisha kuwafikia wanafunzi na kazi ile imo, waandikie leo kwamba imeondolewa, bila kusubiri kikao cha idara. Aliyekwisha kuanza kuandika habari za mtu aifute karatasi yake, na asimtumie mtu, hata wewe.