Maswali ya wasomaji: Baiti 43 za ziada kwenye faili la bainari zimetoka wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo mwaka wa pili, Morogoro. Tumepewa kazi ya C, tusome faili la maandishi lenye namba ya mwanafunzi, jina na maksi, alafu tuandike faili la bainari. Darasa lina watu 45 na rekodi moja ni baiti 40 (namba baiti 4, jina 32, maksi 4), kwa hiyo nilitegemea faili la baiti 1800. Kompyuta za maabara zina Linux, zinanipa 1840. Laptop yangu ya Windows inanipa 1843. Na hilo la Windows nikilipeleka na flashi kulisomea maabara, majina yanakuja vizuri hadi katikati, kuanzia hapo yanavurugika mpaka mwisho. Nimefungua kwa "r" na "w", ndani nina lupu ya while(!feof(f)) yenye fscanf na fwrite. Nisaidie, kazi inakusanywa wiki ijayo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Asante sana kwa kuandika saizi za mafaili, maana wengi wanaandika tu "haifanyi kazi" na hapo mtu huna pa kuanzia. Hizo namba zako zimesema karibu kila kitu. Ziada ni baiti 43, na ni makosa mawili tofauti yaliyokaa pamoja, moja la baiti 40 na lingine la baiti 3.

Tuanze na 40. Hiyo ni rekodi moja nzima, yaani mtu wa mwisho ameandikwa mara mbili, kalisome faili la Linux utamuona. Kosa ni feof. Watu wanadhani feof inaangalia mbele na kukwambia faili limeisha, wakati yenyewe inasema ndiyo pale tu ambapo umeshajaribu kusoma ukakosa. Ukimaliza kusoma mtu wa 45 bado kuna alama ya mstari mpya mwishoni, feof inajibu bado, lupu inazunguka tena, fscanf inakosa, na kwa kuwa hujaangalia majibu yake, fwrite inaandika kile kile kilichobaki kwenye memori. Fanya hivi, kusoma kwenyewe ndo kuamue lupu iendelee au isimame:

```
while (fgets(mstari, sizeof mstari, f) != NULL) {
    if (sscanf(mstari, "%d %31s %d", &n, jina, &m) != 3) {
        fprintf(stderr, "mstari mbovu: %s", mstari);
        continue;
    }
    memset(&w, 0, sizeof w);
    w.namba = n;
    strcpy(w.jina, jina);
    w.maksi = m;
    fwrite(&w, sizeof w, 1, g);
}
```

Hapo w ni rekodi ya mwanafunzi mmoja, g ni faili la kuandikia, na jina ni char jina[32], ndo maana nimeweka 31, nafasi moja ni ya sifuri ya mwisho. Ila %31s inaishia kwenye nafasi, kwa hiyo "Asha Juma" atakataliwa kama mstari mbovu. Kama faili lenu lina majina mawili mawili, peleka jina mwisho wa mstari usome kwa "%d %d %31[^\n]".

Sasa zile 3. Hizi ni za Windows na zinatokana na kufungua kwa "w" badala ya "wb". Ukifungua faili kama la maandishi kule Windows, kila baiti ya 0A (alama ya mstari mpya, imeandikwa kwa hex, yaani hesabu ya msingi wa 16) unayoandika inatanguliziwa 0D, kwa sababu Windows inamaliza mstari kwa baiti mbili wakati Linux inamaliza kwa moja. Kwenye maandishi hiyo ni sawa kabisa. Lakini 0A ni nini kwenye namba? Ni 10! Mwanafunzi aliyepata maksi 10 anaandikwa 0A 00 00 00, na Windows inamgeuza kuwa 0D 0A 00 00 00, baiti tano, na kuanzia kwake kila anayefuata amesukumwa hatua moja. Kwa hiyo mahali fulani kwenye faili lako 0A imetokea mara tatu, angalia waliopata 10 kwanza, alafu angalia namba za wanafunzi pia, maana 266 na 522 nazo zina 0A ndani yake.

Ukisoma hilo hilo faili kwenye Windows kwa "r" linaweza kuonekana zima, maana 0D inaondolewa tena wakati wa kusoma, na hii ndo inawapotezea watu muda mrefu sana. Lakini hata huko kuna baiti nyingine, 1A, ambayo ni 26. Windows ikisoma kwa "r" ikaikuta, inahesabu faili limeishia hapo, desturi iliyorithiwa tangu enzi za CP/M, mfumo wa kompyuta wa zamani. Mtu mmoja akipata maksi 26, wote walio nyuma yake wanapotea na programu haisemi kitu. Andika kwa "wb", soma kwa "rb". Linux haijali hiyo b lakini iweke tu kila mara, programu yako itahamia kwa mtu mwingine siku moja.

Umeona nimeweka memset pale juu? Usiitoe. Bila hiyo, ukiandika Mwanaidi alafu akafuata Ali kwenye rekodi ile ile, jina jipya linafunika herufi za mwanzo tu, na kwenye diski panabaki Ali, sifuri, alafu "aidi". Programu yako haitaonyesha lakini fungua faili kwa xxd (programu inayoonyesha baiti za faili moja moja) utayaona mabaki, na mimi sipendi kabisa faili linalobeba taarifa za mtu mmoja ndani ya rekodi ya mwingine. Mwisho angalia majibu ya fwrite na ya fclose, maana flashi ikijaa ndo utajua hapo.

SWALI: Mambo fundi, niko Mombasa. Rekodi zangu za duka zina char *jina. Nikiandika na kusoma ndani ya programu moja naona sawa, nikifunga na kufungua tena yanatoka matakataka au programu inakufa. Kwa nini?

JIBU: Poa. Kwa sababu hujaandika jina, umeandika anwani ya memori lilipokuwa jina, baiti 8 kwenye mashine ya biti 64, na programu ikifungwa anwani hiyo haina maana tena. Ama weka char jina[32] ndani ya rekodi, ama andika urefu wa jina kwanza kisha herufi zenyewe. Bei na idadi zitumie int32_t kutoka stdint.h, na usome sizeof ya struct yako kabla ya kuamini hesabu zako, kompaila huongeza baiti tupu katikati: char moja ikifuatwa na int kwa kawaida inakula 8, si 5.

SWALI: Naandika faili kwa C, mwenzangu anasoma kwa readInt ya Java. Nikiandika 10 yeye anapata 167772160. Nani amekosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea, hamjakubaliana tu. Kompyuta yako inaanza na baiti ndogo, 0A 00 00 00, na readInt ya DataInputStream inaanza na kubwa, ndo maana 10 imekuwa 10 mara 16777216. Amueni upande mmoja. Mimi ningekushauri wewe wa C uandike baiti moja moja kwa fputc ukianzia na kubwa, (x >> 24) & 0xFF, kisha 16, kisha 8, kisha x & 0xFF. Na kama faili lenyewe ni la mistari mia mbili tu, tumieni maandishi, kila mtu atalisoma bila kuuliza.