Swali la Lugha: Tuseme “nadharia ya ushoga”?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, mkaazi wa Likoni. Tumepewa kazi ya kueleza ile inayoitwa kwa Kiingereza queer theory, na jinsi inavyohusiana na taaluma nyingine. Wenzangu wote wameandika “nadharia ya ushoga”. Nami niandike hivyo?

JIBU: Usiandike. Na wenzako waambie wafute.

Asili ya neno hilo la Kiingereza haina mambo mengi. Queer lilikuwa na maana ya -a ajabu, lisilo la kawaida, na wengi hulihusisha na neno la Kijerumani lenye maana ya mshazari. Likaja kuwa tusi la kuwatupia wapendao watu wa jinsia yao, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 waliotukanwa wakalitwaa wenyewe. Mwaka 1990, mwananadharia Teresa de Lauretis akaliunganisha na nadharia katika kongamano la Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz.

Sasa huo “ushoga”. Unanikera, tena si leo. Shoga ni neno la wanawake wa pwani hii. Shoga wako ni mwanamke mwenzio mlioshibana, wa kuazimana leso, wa kumwita kwanza kukiwa na arusi na kwanza kukiwa na msiba. Pita Kibokoni alasiri usikie: “Shoga, mbona umenihama?” “Sikukuhama, shoga, nauguza.” Katika maneno hayo machache mna lawama, mna udhuru, na mna mapenzi yaliyofanya lawama ile isiume. “Rafiki” haliwezi kazi hiyo. Rafiki ni wa yeyote. Shoga ni wa mwanamke kwa mwanamke.

Kisha watu wakambandika mwanamume neno hilo kwa kejeli, wakimaanisha kwamba amejifanya mwanamke. Magazeti na redio zikalidaka, zikalitia u-, likawa ndilo jina la jambo zima. Leo nyanya akimwita mwenzake “shoga” ndani ya matatu, vijana wanacheka, na mjukuu anaona haya. Wamemnyang’anya bibi wa watu neno lake wala hawakumpa jingine! Na yule mwanamume naye haitwi hivyo kwa heshima. Neno moja, waliodhulumiwa wawili.

Katika kazi yako kosa ni kubwa zaidi, kwa kuwa nadharia yenyewe haihusu kundi moja la watu. Inauliza nani aliyeamua kwamba hili ni la kawaida na lile si la kawaida, na uamuzi huo unashikiliwa na nini. Ukiuliza hivyo huwezi kubaki katika taaluma moja. Utaingia katika historia, kwa mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault, aliyedai mwaka 1976 kwamba zamani sheria zilikataza vitendo, na ni utabibu wa karne ya 19 uliomfanya mtendaji kuwa aina ya mtu. Utaingia katika sheria: kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, chenye maneno “kinyume cha maumbile”, ni urithi wa Mwingereza, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019.

Utaingia pia katika falsafa ya lugha, na hapa ndipo ningependa ukae. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin alionyesha kuwa yako maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Bwana arusi anapotamka “nimekubali” mbele ya mashahidi, haelezi ndoa, anaifunga. Judith Butler, mwanafalsafa wa Marekani, analipeleka wazo hilo katika jinsia: uanaume na uanamke huwa kwa kutendwa na kurudiwa kila siku. Wanaodai Kiswahili hakina la kuchangia, kwa sababu “a-” halibagui mume na mke, wasikilize vitenzi vyetu. Ali ameoa. Fatuma ameolewa. Ukisema Fatuma ameoa, baraza zima litakugeukia. Sura nzuri ya tasnifu imelala hapo.

Andika “nadharia ya kwia”, yaani queer kwa matamshi yetu, na ulifafanue neno unapolitaja mara ya kwanza. Ni geni, nakubali, lakini halimtukani mtu wala halipunguzi maana. “Mapenzi ya jinsia moja” litumie pale tu unapozungumzia mapenzi hayo yenyewe. Usilifanye jina la nadharia, maana litaibana vilevile.