Kabla hujaita tipa la mchanga, pitia krasha kwanza

Vyumba vyangu vya wapangaji hapa Kisongo vilipigwa lipu kwa mchanga wa korongoni. Ulikuwa mweusi, wa bei poa, na umejaa udongo. Miezi minne baadaye kuta zilikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku. Nilimlaumu fundi, kumbe mwenye kosa ni mimi niliyelipia tipa bila hata kuushika ule mchanga.

Nilipoanza uzio, fundi mwingine akanipeleka kwenye krasha, mtambo wa kusaga mawe kuwa kokoto. Pembeni ya mtambo kulikuwa na kilima cha vumbi la kokoto, mwenyewe anatafuta mtu wa kumwondolea. Nikabeba. Tofali za kwanza ziliharibika zote: nilitumia vumbi tupu, na kwa kuwa lina unga mwingi unaonyonya maji, vijana wakaendelea kumwaga maji mpaka mchanganyiko ukawa uji. Zilipokauka, ukinyanyua tofali unabaki na kona mkononi.

Siku hizi nachanganya karai la vumbi kwa karai la mchanga. Maji kidogo: ukifinya kiganjani, donge lishike bila kuchuruzika. Kisha nafunika tofali kwa magunia na kumwagilia siku 7. Chembe za vumbi zina kona kali, zinashikana vizuri kwenye tofali. Kwenye lipu fundi atakununia, mwiko hautelezi. Huko bado nanunua mchanga.

Na sinunui mzigo wowote bila kuchukua kidogo siku moja kabla. Natia nusu chupa, najaza maji na chumvi kidogo, natikisa, naiacha ilale. Asubuhi tope likionekana nene juu ya mchanga, tipa haliji.

Watu huniuliza kuhusu mabaki ya migodini. Yanawezekana. Brazil, kampuni ya Vale inauza mchanga unaotokana na madini ya chuma: mwamba ukisagwa na chuma kutolewa, hubaki kwazi, madini yaliyomo kwenye mchanga wa kawaida, ambayo husafishwa na kwenda kwa wajenzi. Vyuo vikuu vya Queensland na Geneva viliuchunguza na kutoa ripoti mwaka 2022. Nchi hiyo ina sababu ya kuhangaika na mabaki: bwawa lililoyahifadhi lilipasuka Brumadinho Januari 2019, wakafa watu 270.

Ila mchanga ule hupimwa maabara. Usiugeuze kuwa ruhusa ya kubeba marudio ya dhahabu, yaani udongo uliobaki baada ya kuchenjua; yanaweza kuwa na zebaki au sianidi, nawe unajenga chumba cha kulala mtoto. Kifusi cha Mirerani nacho kiache. Miamba ya tanzanaiti ina grafaiti, laini na telezi, si kitu cha kutia kwenye zege.

Hata vumbi la krasha lina lake. Lilowanishe kabla ya kulipiga beleshi. Kijana wangu wa kuchanganya alikohoa wiki nzima ndipo nikakumbuka kununua barakoa.