Mtoto akikuuliza "Yesu alijua lini?", usikimbilie kujibu

Nilikuwa nafundisha watoto hapa Goma, mvulana wa miaka 12 akainua mkono: "Papa mwalimu, Yesu akiwa mtoto mchanga alijua kwamba atasulubiwa?" Nikamjibu palepale: "Alijua yote. Si alikuwa Mungu?" Akafikiri kidogo. "Basi kule bustani ya Gethsemane, kabla ya kukamatwa, alikuwa anajifanya kuogopa?"

Nikabaki nimeshika Biblia tu. Nilitaka kumtukuza Bwana, kumbe nimemvua ubinadamu wake mbele ya darasa zima. Wewe unayefundisha watoto, au unayeongoza sala kwenye shirika lenu, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo, usianze na jibu. Anza na Luka sura ya 2, pale Yesu wa miaka 12 anapobaki hekaluni Yerusalemu bila wazazi wake kujua.

Watoto wetu wanaielewa haraka. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, watu walikimbilia Gisenyi, wengine Sake, na mpwa wangu akatupotea katika msongamano. Tulimpata asubuhi. Dada yangu alimfokea kwanza, kumkumbatia kukafuata. Maria naye, baada ya kutafuta siku tatu, anaanza na lawama: mbona umetutenda hivi? Baba yako na mimi tumekutafuta kwa huzuni. Mtoto anamjibu: hamkujua kwamba imenipasa kuwa katika nyumba ya Baba yangu? Mama anamtaja Yosefu, mtoto anamtaja mwingine. Ni maneno ya kwanza ya Yesu katika Injili ya Luka, na tayari anajua yeye ni wa nani.

Halafu Luka anaongeza kwamba alirudi Nazareti, akawatii wazazi, akaendelea kukua katika hekima na kimo. Anayekua katika hekima, leo analo jambo ambalo jana hakuwa nalo. Mstari huo nilikuwa nausoma kila mwaka bila kuuona.

Na Marko 13:32 usiiruke, kama nilivyokuwa nafanya mimi kwa kuogopa maswali. Pale Yesu mwenyewe anasema siku ile na saa ile ya mwisho hata Mwana haijui. Mtaguso wa Kalkedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulikiri Kristo mmoja, Mungu kweli na mtu kweli, asili mbili zisizochanganyika wala kutengana. Kama ni mtu kweli, ana akili ya mtu pia. Mababa wale hawakuchora ramani ya namna mambo hayo yanavyokaa pamoja ndani yake. Walikataa tu kuliacha moja ili kulilinda jingine.

Lakini usitumbukie shimo la upande wa pili, la wale wanaosema hakujijua, kwamba wanafunzi ndio waliompa cheo baadaye. Katika sinagogi la Nazareti alisoma Isaya, akasema andiko hilo limetimia leo. Kuhani Mkuu alipomuuliza kama yeye ndiye Kristo, katika Marko alijibu: "Mimi ndiye", na jibu hilo lilimpeleka kifoni. Kwa nini basi, Petro alipomkiri kuwa Kristo, aliwakataza wasimwambie mtu? Kwa sababu kwa wengi jina Kristo, yaani Masihi, lilikuwa na harufu ya vita, na yeye papo hapo akaanza kuwafundisha habari ya kuteswa na kuuawa. Sisi wa Kivu hatuhitaji maelezo marefu hapo. Wakombozi wenye bunduki tumewaona wengi.

Jumapili iliyofuata niliwaambia watoto kwamba nilikosea. Haikuwa rahisi, mtu mzima mwenye mvi. Tukafungua Yohana 13: Yesu, akijua kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu, aliondoka mezani, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli. Hapo ndipo niliwaonyesha maana ya kujijua kwake.

Mvulana yuleyule akauliza: "Na Yuda alikuwa amekaa pale?"

"Alikuwapo."

"Na Yesu alijua?"

Nikamwambia asome mwenyewe mstari wa 11. Akausoma kwa sauti, kisha akaurudia polepole, kidole chake kikiwa juu ya neno "alimjua".