Maswali ya Wasomaji: Breki ya Nyuma Inayonasa na Kuchemka

SWALI: Pikipiki yangu ni ya cc 125, breki ya nyuma ni ya ngoma. Wiki mbili zilizopita nilibadilishiwa breki shuu na kukaziwa mnyororo siku hiyohiyo. Tangu hapo, nikienda kilomita tatu au nne gurudumu linakuwa zito, harufu ya kuungua inatoka na habu (kitovu cha gurudumu) haishikiki kwa moto. Fundi anasema shuu mpya lazima zichemke mpaka zizoee. Ni kweli? – Dereva wa bodaboda, Morogoro

JIBU: Si kweli, ndugu yetu, na tunakuomba usipakie abiria mpaka uimalize kazi hii. Shuu, vile vipande vya ndani vinavyoisugua ngoma na kulizuia gurudumu, zikiwa mpya huchukua siku chache kukaa sawa na ngoma, na joto kidogo linakuwepo. Lakini gurudumu likigoma kuzunguka, ujue breki haijaachia.

Mshukiwa wa kwanza ni ule mnyororo. Ukikazwa, gurudumu lote linarudishwa nyuma, lakini rodi ya breki, ile fimbo inayounganisha pedali na mkono wa breki kwenye gurudumu, inabaki na urefu uleule. Matokeo yake mkono wa breki unavutwa mbele na shuu zinagusa ngoma kabla hujakanyaga chochote. Kwa hiyo nati ya breki hulegezwa kabla ya kukaza mnyororo na kupimwa upya baada ya ekseli kukazwa. Mafundi wengi wenye haraka huiruka hatua hii.

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gia iwe huru, na habu iwe imepoa kabisa. Simamisha rula pembeni mwa ncha ya pedali, kisha ibonyeze kwa mkono mpaka uhisi shuu zinaanza kushika. Kwa pikipiki nyingi za aina yako, mwendo huo mtupu unatakiwa uwe kati ya mm 20 na 30. Ukiwa chini ya hapo, fungua nati ya mwisho wa rodi nusu mzunguko, upime tena. Nati hiyo ina mkato wa mviringo unaokaa juu ya pini ya mkono wa breki. Kama mkato haujakaa sawasawa kipimo chako ni cha uongo, kwa sababu pedali ikikanyagwa mara ya kwanza nati itajisogeza yenyewe. Ukimaliza, waombe watu wawili wakalie pikipiki ikiwa chini, upime tena. Mzigo ukishusha sehemu ya nyuma ya pikipiki, nafasi ya pedali huweza kubadilika, na breki iliyo huru gereji inaweza kubana ukiwa na abiria.

Kama vipimo viko sawa na bado gurudumu ni zito, fungua nati mpaka rodi iwe huru kabisa, kisha tazama mkono wa breki. Ukirudi wenyewe na gurudumu likazunguka, tatizo liko kwenye pedali: ekseli yake imejaa tope na kutu, au springi yake imechoka. Taa ya breki inayobaki inawaka wakati mguu hauko kwenye pedali mara nyingi ni dalili ya hilo. Ukiona mkono umebaki mbele mpaka uusukume au kuugonga, kemu, kile chuma kinachozitanua shuu, imekauka. Mkono ukiwa umerudi vizuri na gurudumu bado zito, acha kuilaumu kemu. Kagua beringi za gurudumu, na uulize kama ile bushi inayokaa katikati ya beringi mbili ilirudishwa. Bila bushi hiyo, ukikaza ekseli unazibana beringi zenyewe, nazo huchemka kama breki. Pia zipo shuu za bei rahisi zenye kitambaa (lile tabaka linalosugua ngoma) kinene kuliko kipimo, ambazo huingia kwenye ngoma kwa kulazimishwa. Hizo zirudishe dukani.

Kemu iliyokauka ndiyo chanzo tunachokikuta mara nyingi zaidi, kwa hiyo tuieleze kwa kirefu. Kemu ni kipande cha chuma kinachopita kwenye tundu la sahani ya breki, yaani kifuniko cha ngoma kinachobeba shuu. Mkono unakizungusha, nacho kinazitanua shuu. Kurudi nyuma kunategemea springi mbili ndogo tu. Maji na vumbi vikiingia kwenye tundu, kutu inabana na springi zinashindwa.

Toa gurudumu, toa sahani. Usipulize vumbi la ndani kwa mdomo wala kwa kompresa: vitambaa vingine vina asbesto, na vumbi lake linadhuru mapafu. Futa kwa tambara lililolowa maji. Kabla ya kuuchomoa mkono kwenye meno ya kemu, piga alama ndogo ili urudi palepale. Chomoa kemu, isafishe kwa msasa laini mpaka ing'ae, safisha na tundu lake. Paka grisi ya kuhimili joto kali, kiasi cha utando mwembamba tu kwenye shina la kemu, kwenye uso wake unaosukuma shuu na kwenye pini ya upande wa pili. Inayozidi ifute yote, maana ikiyeyuka itafika kwenye kitambaa, na shuu iliyokunywa grisi haifai tena hata ukiisugua. Springi zilizobadilika rangi kuwa bluu zimeungua na nguvu yake imekwisha. Nunua mpya, na shuu zibadilishwe zote mbili kwa pamoja.

Wakati wa kurudisha, kuna jambo dogo lenye faida kubwa: kaza nati ya ekseli huku mwenzako akiwa amekanyaga breki. Shuu zinaivuta sahani ikae katikati ya ngoma, na ule msuguano wa upande mmoja unatoweka. Kisha hakikisha ule mkono wa chuma unaoishikilia sahani kwenye uma (sehemu ya fremu inayobeba gurudumu la nyuma) umefungwa, nati yake imekaza na pini ya usalama ni mpya. Mkono huo ukichomoka barabarani, sahani huzunguka pamoja na gurudumu, hukunja rodi na kulifunga gurudumu ghafla. Katika kazi yote hii hakuna kosa linaloua upesi kama hilo.

Mwisho, pima kitambaa cha shuu. Kikibaki mm 2, kazi yake imekwisha. Pima na ngoma: kikomo chake kimepigwa chapa kwenye habu, na kwa kawaida ngoma ya mm 110 inaishia 111, ya mm 130 inaishia 131. Shuu au ngoma zikiisha, kemu inalazimika kuzunguka sana ili zifikie, hata inasimama wima na springi haziwezi kuirudisha. Hapo breki inajifunga yenyewe. Breki ikikanyagwa hadi mwisho, pembe kati ya rodi na mkono inatakiwa iwe nyuzi 80 hadi 90. Fundi akikuambia atausogeza mkono meno mawili nyuma ili "breki ipande", mkatalie. Anachofanya ni kuficha uchakavu, na mshale wa kuonyesha shuu zimeisha nao unakuwa hausemi kweli.

SWALI: Yangu ina diski nyuma. Asubuhi iko sawa, lakini baada ya kilomita tano pedali inapanda na kuwa ngumu, halafu gurudumu linakaza lenyewe. Nikipumzika nusu saa inaachia. Nimebadilisha pedi mara mbili bila nafuu. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Pedi hazina hatia. Mafuta ya breki yakipata joto hutanuka, na yanatakiwa yarudi kwenye kikopo kupitia kitundu kidogo sana ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Kitundu hicho kikizibwa, yanakosa njia na yanazisukuma pistoni za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Pedi zinabana, joto linaongezeka, yanatanuka zaidi. Ndiyo maana ikipoa inaachia.

Vaa miwani na glavu, kisha pima ikiwa imenasa. Legeza kidogo bolti mbili zinazofunga masta silinda kwenye fremu, kama mm 2. Gurudumu likiachia, fimbo inayoisukuma pistoni ya masta imewekwa ndefu mno na haiiachii pistoni irudi. Ipunguze mpaka uhisi mwanya wa karibu mm 1 kabla haijagusa. Isipoachia, kaza bolti, zungushia tambara kwenye kiungo cha mpira wa mafuta pale masta na ukilegeze. Ikiachia hapo, kitundu kimezibwa na uchafu au sili (vipira vya kuzuia mafuta yasivuje) za masta zimevimba. Isipoachia, kaza na ufungue nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa: mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, mpira wa mafuta umevimba kwa ndani na unafanya kazi kama vali. Kama hata nipo haikusaidia, ni kalipa yenyewe, pistoni zina kutu au pini zinazoteleza zimekauka. Ukishafungua kiungo chochote, toa upepo kabla ya kuendesha.

Sili zilizovimba karibu kila mara ni kazi ya mtu aliyejazia oili ya injini au ya haidroliki. Hata kijiko kimoja kinatosha kuharibu. Hapo badilisha sili zote za masta na za kalipa pamoja na mpira, usafishe mfumo wote, ujaze mafuta ya breki mapya ya daraja la DOT 4. Ndani ya kalipa paka mafuta ya breki tu, na kwenye pini grisi ya silikoni, kamwe si grisi ya beringi. Kikopo kisipite mstari wa juu, ili mafuta yapate pa kutanukia.

DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishanyonya unyevu wa hewa kiwango chake cha chini hushuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Yakichemka yanageuka mvuke, na pedali iliyokuwa ngumu inazama mpaka chini bila breki. Badilisha kila baada ya miaka miwili, kutoka kwenye chupa iliyokuwa imefungwa. Na kwa kuwa diski yako imekwisha kuungua mara kadhaa, pima unene wake na ulinganishe na namba iliyochapwa juu yake. Ikiwa imepinda, badilisha.

SWALI: Nashusha mboga kutoka Lushoto hadi Mombo. Katikati ya mteremko breki ya nyuma inalegea, nakaza nati naendelea. Kesho yake asubuhi gurudumu limenasa. Kwa nini? – Msafirishaji, Lushoto

JIBU: Unakaza ikiwa ya moto, na hilo ndilo kosa. Ngoma ikichemka hutanuka na kuziacha shuu, kwa hiyo pedali inaenda mbali. Ukikaza pale, ngoma ikipoa inarudi udogo wake na kuzikuta shuu zimeshasogezwa. Unaanza safari inayofuata breki ikiwa imebana, inachemka mapema zaidi, unakaza tena. Nati ya breki hurekebishwa habu ikiwa baridi tu. Ukilazimika kukaza njiani, hesabu mizunguko na uirudishe ikipoa.

Fikiria pia ukubwa wa kazi unayoipa. Pikipiki, wewe na mboga, tuseme kilo 300, mnashuka karibu mita 1,000. Nishati hiyo inatosha kuchemsha lita 9 za maji. Ngoma moja ndogo haiwezi kuimaliza peke yake. Gundi iliyo kwenye kitambaa inaungua, uso wake unakuwa kama kioo, na breki inapotea hata pedali ikiwa imefika chini.

Ingia kwenye mteremko ukiwa tayari kwenye gia ya pili au ya tatu, injini ikizuia. Wanaozima injini au kuweka frii ili kuokoa petroli wanaitupa breki yao kubwa kuliko zote. Tumia breki zote mbili: kanyaga na kubana kwa nguvu muda mfupi, mwendo ushuke, kisha achia kabisa zipate upepo. Mguu usipumzike juu ya pedali. Ukisikia harufu, simama mahali palipo wazi na usubiri. Usimwage maji kwenye ngoma wala diski ya moto, kwa maana chuma kinaweza kupinda au kupasuka. Kujua kama imepoa, dondosha matone mawili tu ya maji pembeni mwa habu: yakichemka na kulia, bado imepita nyuzi 100.

SWALI: Baada ya mvua, au nikishaosha pikipiki, asubuhi gurudumu la nyuma halisogei. Nikilisukuma linaachia kwa kishindo. Ni hatari? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kutu nyembamba iliyozigandisha shuu kwenye ngoma, na hewa ya pwani inaiharakisha. Ikiachia mara moja na habu isichemke baadaye, si hatari. Usimwagie oili. Ukimaliza kuosha, endesha mita 200 ukikanyaga breki kidogokidogo ili ikauke, na usielekeze bomba la presha kwenye mkono wa breki. Lakini ikianza kutokea hata siku za jua, maji yameshaingia kwenye tundu la kemu: rudi kwenye jibu la kwanza, fungua, safisha, paka grisi.